Kununua Kamera Kuukuu ya Filamu: Itazame Lenzi Kwanza



Kamera kuukuu huuzwa kwa sura yake. Muuzaji huing'arisha, hubofya kitufe ukasikia mlio, nawe ukadhani ni nzima. Lakini picha huundwa na lenzi. Mwili uliochubuka hauharibu picha hata moja. Lenzi iliyoliwa na kuvu huziharibu zote.

Katika nchi yenye joto na unyevu kama yetu, kuvu ndiyo ya kuogopwa kuliko yote. Kamera iliyofungiwa katika mfuko wake wa ngozi, masika baada ya masika, huota kuvu baina ya vioo, mithili ya utando wa buibui. Kwa mwanga wa dukani hutaiona. Nenda na tochi. Ivue lenzi ikiwa yavulika, fungua tundu lake lote, imulike upande mmoja huku ukichungulia kwa mshazari upande wa pili. Kuvu changa fundi aweza kuifuta. Iliyokaa muda mrefu hutoa asidi ikachimba kioo, na hapo hakuna dawa. Utazame pia ukungu uliotanda kama pumzi juu ya kioo. Lenzi ya namna hiyo yaweza kupiga vizuri adhuhuri, lakini ukiielekeza kwa tembo wa Mikumi jua likiwa nyuma yao, picha hutoka imepauka.

Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele usikutishe, wala punje chache za vumbi. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni jambo jingine. Binafsi, nikipunguziwa bei kwa ajili ya alama ndogo ya mbele, nanunua.

Zungusha pete ya tundu: vibati vyake viwe vikavu, visigandane kwa mafuta. Kisha fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, uielekeze penye mwanga. Zenit-E ya Kirusi, kwa mfano, ina kasi tano, kuanzia 1/30 hadi 1/500 ya sekunde. Tofauti ya hizo mbili jicho lapasa kuiona. Kipima mwanga chake hakihitaji betri. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitegemea betri za zebaki zisizotengenezwa tena, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hata hivyo, kasoro ambayo ungeiona ulipoikagua bidhaa ni vigumu kuidai baadaye. Kwa hiyo dai risiti iliyoandikwa aina ya kamera, namba ya lenzi, na maneno ya muuzaji mwenyewe: "lenzi haina kuvu." Mpatane pia, kwa maandishi, siku za kuirudisha, zitoshe kupiga filamu moja na kuisafisha. Akikataa kuandika, bei yake na iwe ya kamera mbovu.