Kabureta Nne, Injini Moja: Maelezo Kuhusu Pikipiki ya Marehemu Kaka Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Uingereza)





Kamati imenitaka nizungumze juu ya ile Honda ya marehemu kaka yetu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambayo hadi leo imo bandani kwa shemeji yetu. Nyote mnajua kwamba shauri lake litaamuliwa kesho asubuhi katika kikao cha wazee: ama iuzwe na fedha zake ziingie katika mfuko wa masomo ya watoto, ama ibaki mikononi mwa ukoo. Wanaotaka iuzwe wanasema kuwa chombo kimekwisha, na ushahidi wao ni kwamba karakana moja iliyokabidhiwa kuitengeneza iliirudisha ikiwa mbaya kuliko ilivyokwenda. Mimi niliyeshika spana maisha yangu yote nimeombwa niseme kama maneno hayo ni ya kweli. Nitajibu, lakini sharti kwanza nieleze kazi yenyewe ilivyo, ili kesho tuamue kwa ujuzi wala si kwa huzuni.

Pikipiki hiyo ni Honda CB750. Aina hii ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Tokyo mwaka 1968, ikaanza kuuzwa mwaka 1969. Ina silinda nne zilizopangwa safu moja, zikikingama upana wa chombo, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 736. Wakati ule pikipiki nyingi kubwa za Kiingereza zilikuwa na silinda mbili tu. Kila silinda ya Honda hii ina kabureta yake, na hapo ndipo penye utamu wake na taabu yake pia.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia kabureta. Hewa ikifika mahali palipobanwa huenda mbio zaidi na msukumo wake hupungua, ndipo petroli hupanda kutoka katika bakuli lililo chini na kuchanganyika nayo. Ndani ya bakuli hilo mna boya linalofungua na kufunga njia ya mafuta, ili kina chake kisipande wala kushuka. Juu yake kuna kizibo kinachopanda unapozungusha mkono wa mafuta, na chini ya kizibo umening'inia uzi wa chuma uliochongoka, mafundi huuita sindano. Mkono ukiwa umeachwa, mafuta hupita katika tundu dogo la mwendo wa pole. Ukifunguliwa hadi kiasi cha robo, umbo la kizibo ndilo linaloamua. Kutoka robo hadi robo tatu ni zamu ya sindano, na kuanzia hapo hadi mwisho ni zamu ya tundu kubwa. Kijana akijua zamu hizi nne, pikipiki ikikohoa atajua pa kutazama, wala hatafungua kila kitu ovyo.

Sasa, kabureta zikiwa nne, haitoshi kila moja iwe nzima peke yake. Lazima vizibo vyote vinne vipande pamoja na kushuka pamoja, kwa kuwa pistoni zote nne zimefungwa katika mtaimbo mmoja wa mzunguko. Kizibo kimoja kikitangulia, silinda yake hufanya kazi zaidi na wenziwe huburutwa. Hapo injini hutetemeka, mnyororo hugongagonga katika mwendo mdogo, na mafuta hupotea bure. Kuondoa tofauti hiyo ndiko mafundi wanakokuita kulinganisha kabureta.

Chombo cha kulinganishia ni geji nne zinazopima mvuto wa hewa. Kila njia ya kuingilia silinda ina tundu dogo lililozibwa kwa skrubu. Skrubu hutolewa na mpira wa geji huunganishwa hapo. Injini ikiwa imekwisha pata moto na inanguruma polepole, kiasi cha mizunguko 950 kwa dakika, geji husomwa kwa pamoja. Kizibo kilichoshuka mno huifanya geji yake ionyeshe mvuto mkubwa. Kikiinuliwa kidogo, mvuto hupungua. Fundi hulegeza nati, huzungusha skrubu ya kurekebishia kidogo mno, huivuta injini mara moja ili kebo na vizibo vikae sawa, kisha husoma tena. Nati ikikazwa, kipimo huweza kuhama. Kwa hiyo husoma mara ya tatu. Akimaliza katika mwendo wa pole hupandisha mizunguko hadi kiasi cha 3000 na kutazama kama sindano za geji bado zinakwenda pamoja. Katika aina nyingine za injini kabureta moja haina skrubu ya kurekebishia, nayo ndiyo imamu wa zilizobaki. Kitabu cha mtengenezaji kitakuonyesha ni ipi.

Ndugu zangu, nawaomba mlishike neno hili moja. Geji haikwambii kabureta ipi ina kosa. Inakwambia tu kwamba silinda hazivuti sawa. Silinda huweza kuvuta kidogo kwa sababu vali yake haifungi, au mpira wa kuunganishia kabureta umepasuka na unaingiza hewa ya wizi, au plagi yake haitoi cheche ya nguvu. Ukiilazimisha geji ya silinda mgonjwa isome kama za wenziwe, utakuwa umeuficha ugonjwa, na hao wazima utakuwa umewaharibia.

Hilo ndilo lililotokea. Niliporudishiwa pikipiki kutoka karakana ile nilikuta geji zote nne zinasoma sawasawa katika mwendo wa pole, lakini injini ikifunguliwa inagugumia. Nilitoa plagi zote na kupima mgandamizo wa kila silinda, mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa. Silinda tatu zilikaribiana. Ya tatu kutoka kushoto, ukihesabu umekaa kitini, ilikuwa chini sana. Nikapima nafasi za vali injini ikiwa baridi. Kipimo cha Honda hii ni milimita 0.05 kwa vali ya kuingizia na 0.08 kwa vali ya kutolea moshi. Vali ya moshi ya silinda hiyo haikuwa na nafasi yoyote. Ilikuwa inashikiliwa wazi kidogo, na moto ulikuwa unavuja kila mzunguko. Niliporekebisha nafasi, mgandamizo ulirudi. Alhamdulillahi, vali yenyewe ilikuwa haijaungua. Ingeendeshwa hivyo muda mrefu, ingeungua. Kabureta zilizolaumiwa hazikuwa na hatia.

Basi utaratibu ni huu, na nawaomba vijana muuandike. Kwanza nafasi za vali. Pili mgandamizo. Tatu moto: plagi zenye nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7, pointi za kuwashia zikiwa safi, na cheche ikiruka kwa wakati wake. Nne hewa: chujio safi, na mipira ya kuunganishia isiyo na nyufa. Ukiwa na shaka na mpira, nyunyizia maji kidogo pembeni yake injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Tano, kabureta zenyewe zisafishwe na kina cha mafuta kipimwe. Sita, na mwisho kabisa, ndipo ulinganishe. Anayeanza na la sita amejenga nyumba kuanzia dari.

Katika kusafisha, msitie waya wa chuma katika vitundu. Vimetengenezwa kwa shaba nyeupe iliyo laini, na waya ukipanua tundu kwa unywele mmoja, kipimo kimepotea daima. Tumieni dawa ya kusafishia na hewa ya kompresa, nanyi vaeni miwani. Kabla ya kuzirudisha kabureta mahali pake, zilinganisheni mezani: pitisheni kijiti kimoja chembamba kilichonyooka, kama shina la keekee ndogo, chini ya kila kizibo, hadi vyote vinne vikigusane nacho kwa uzito uleule. Kazi hiyo ya mezani hupunguza nusu ya kazi ya geji.

Iko pia skrubu ya mchanganyiko wa mwendo wa pole, nayo imewachanganya wengi. Katika kabureta ambayo skrubu hiyo iko upande wa chujio, kama hizi zetu, kwa kawaida inatawala hewa; ukiifungua, mafuta hupungua. Katika kabureta za baadaye ambazo skrubu iko upande wa injini, kwa kawaida inatawala mafuta. Ukiifungua, mafuta huongezeka. Mtu asiyejua tofauti hii hutibu kiu kwa chumvi. Kisha itazameni plagi: nyeusi yenye masizi ni dalili ya mafuta mengi, nyeupe kama chokaa ni dalili ya mafuta machache. Hii ya pili ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa injini yenye kiu hupata joto kali na huweza kutoboa pistoni.

Niongeze habari ya petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida katika vituo vya hapa Uingereza huwa na pombe ya ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli huvuta unyevu na hudhuru baadhi ya mipira na viungo vya zamani. Vyombo vya umri huu vinashauriwa kutiwa ile petroli ya daraja la juu, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5. Na chombo kinapolazwa kwa majira ya baridi, mabakuli yamwagwe mafuta. Petroli iliyolala hugeuka utomvu, nao huziba kwanza lile tundu dogo la mwendo wa pole.

Na kabla ya yote, roho zenu. Msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Kazi ya geji ifanyike uwanjani, feni ikiipepea injini, kwa sababu injini hii hupozwa na upepo na haiwezi kusimama ikiwaka muda mrefu. Nao wenye geji za kale za zebaki waziache. Zebaki ni sumu, na geji za sindano zinatosha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa narudi kwenye swali nililoulizwa. Pikipiki haijakwisha. Injini yake ina mgandamizo mzuri katika silinda zote nne. Inahitaji mipira mipya ya kuunganishia kabureta, kusafishwa kwa kabureta zote, na kulinganishwa upya, kwa kuwa mlinganisho uliofanywa ulifuata silinda mgonjwa. Hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu za mtu mwenye subira.

Lakini kusema kuwa haijakwisha si kusema kuwa tuihifadhi. Chombo cha namna hii kikikaa bila mtu wa kukishughulikia hufa kimya kimya bandani, na heshima tunayodhani tunampa marehemu inageuka kutu. Yeye mwenyewe hakuipenda kama pambo; aliiendesha hata katika mvua ya nchi hii, na aliisikiliza kila asubuhi kabla ya kuondoka. Macho yangu sasa hayaoni vitundu vile bila kioo cha kukuzia, na katika ukoo wetu sijui mwingine aliyekwisha ifanya kazi hii kwa mkono wake. Wahenga walisema achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Ujuzi wa kusikiliza injini na kutafuta chanzo kabla ya kurekebisha dalili utawafaa watoto wetu hata katika kazi zisizo na mafuta wala spana.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Wakijitokeza vijana wawili, wa kike au wa kiume, watakaokuja kwangu siku hizo tatu na kuifanya kazi yote kwa mikono yao, mimi nikiwa msemaji tu, basi pikipiki ibaki, nao wawe walinzi wake kwa niaba ya ukoo. Wasipojitokeza, tuiuze kwa mtu atakayeitunza, fedha ziende kwenye masomo, na tusione haya. Kwa vyovyote, ombi langu ni kwamba shemeji yetu, aliyevumilia harufu ya petroli katika nyumba yake miaka yote hiyo, asikilizwe kwanza kabla yetu sote.

Mwenyezi Mungu amlaze kaka yetu mahali pema, atukutanishe tena tukiwa na afya.