Ndoto Yako Inalipwa na Nani?

Leo sikuja na habari za mbegu. Nimeleta hadithi.

Grace Ogot alizaliwa Asembo, hapa kando ya ziwa, mwaka 1930. Alisomea uuguzi Uganda, akafanya kazi hadi Uingereza. Lakini hadithi alizosimuliwa na nyanya yake hazikumwachilia. Akaandika. Mwaka 1966 kikatoka kitabu chake, The Promised Land.

Humo, Ochola anahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Mkewe Nyapol hataki, lakini anafuata. Wanatajirika kweli! Kisha jirani mwenye wivu anamroga Ochola, mwili wote unaota kama miiba. Hata hapo hataki kuacha mali. Mwishowe wanarudi kwao mikono mitupu.

Sasa jamani, kuota si kosa. Mama Grace mwenyewe aliota, akafika. Lakini kabla hujauza ng'ombe au kugusa karo ya mtoto, jiulize: anayelipa ni mimi, au ni Nyapol wangu? Leo jioni, kaeni chini nyumbani mwulizane. Na Nyapol naye asikizwe.