JUMAPILI YA 15 YA MWAKA C: DAFTARI LA KIJIWE NA JIRANI WA BARABARANI

Masomo: Kumb 30:10-14, Kol 1:15-20, Lk 10:25-37



Injili ya Jumapili ya leo twaijua sote tangu utotoni. Mtu mmoja ashuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, njia ya kilomita kama 27 inayoteremka kwa zaidi ya mita 1,000 katikati ya majabali makavu. Wanyang'anyi wamvamia na kumwacha nusu mfu. Kuhani apita, Mlawi apita. Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, ndiye asimamaye. Kwa kuwa twaijua sana, tuna hatari ya kuisikia bila kuisikiliza. Basi leo tuisikilize tukiwa mahali petu wenyewe, kando ya barabara itokayo mjini Dodoma, ikapita hapa Msalato na kwenda Kondoa, Babati hata Arusha. Barabara hiyo nayo ina wasafiri wake, majeruhi wake, na watu wake wapitao kando. Ina pia vijana wa bodaboda, na habari zao ndizo tutakazozitumia kulielewa Neno la Bwana.

Tukumbuke kwamba simulizi hili lilianza kwa swali la sheria. Mwalimu wa Torati alitaka kujua mpaka: wajibu wake kwa wengine waanzia wapi, na waishia wapi? Na katika somo la kwanza Musa awaambia Waisraeli kwamba amri ya Mungu haiko mbali. Si lazima kupanda mbinguni wala kuvuka bahari kuitafuta, kwa maana imekwisha kuwekwa kinywani na moyoni mwao. Masomo haya mawili yakiwekwa pamoja yatuonya juu ya makosa mawili: kuidharau sheria, na kujificha nyuma ya sheria.

1. Sheria iliyo karibu

Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka boda moja hadi nyingine. Leo ni kazi ya maelfu ya vijana wa Tanzania. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973; kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitungwa mwaka 2010; na mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini za barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, kwa kuwahurumia wenye kipato kidogo. Hizo ni sheria za nchi, na Mkristo azishike.

Lakini ipo sheria nyingine, iliyo karibu zaidi. Nendeni kwenye kijiwe chochote kilichopangika, mtakuta daftari. Ndani yake mna majina ya wanachama, kiingilio, mchango wa kila wiki, na masharti. Aliyetangulia kufika ndiye atanguliaye kupakia. Asiye na leseni hapakii. Aliyekunywa pombe aweke pikipiki pembeni. Mishikaki, yaani kupakia abiria wawili au watatu kwa mpigo, ni faini. Mwenzetu akiugua, atembelewe; akifiwa, azikiwe. Masharti hayo hayakuteremshwa kutoka ofisini. Vijana wenyewe, wengine walioishia darasa la saba, waliketi chini ya mti wakayatunga, kwa sababu walichoka kugombania abiria na kuzikana bila mpango.

Ndugu zangu, msidharau daftari hilo. Mahali palipo na zamu, mnyonge naye hupata abiria. Na sharti la kuvaa kofia ngumu lina maana kuliko wengi wanavyodhani: tafiti zilizolinganishwa na wataalamu zimeonyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 40. Anayemlazimisha mwenzake kuivaa hamwonei, amhifadhia mama yake mtoto.

2. Anayesimama bila mshahara

Hata hivyo, daftari peke yake ni karatasi. Lazima awepo mtu wa kulisimamia.

Huko Ulaya upo mchezo wa pikipiki ambao si wa mbio. Mwendeshaji hupita polepole juu ya mawe, magogo na makorongo, katika vipande vya njia vilivyowekewa mipaka. Akigusa chini kwa mguu mara moja, huandikiwa alama moja ya kosa. Mara mbili, alama mbili. Mara tatu au zaidi, alama tatu. Akianguka au akitoka nje ya mipaka, alama tano. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Sasa, ni nani aandikaye alama hizo? Kwenye kila kipande husimama mwangalizi, na katika vilabu vya ridhaa mtu huyo halipwi. Hukaa hapo saa nyingi, katika baridi na mvua, akiwahesabia wengine miguu yao. Vilabu vingine huwataka waendeshaji wenyewe wapokezane kazi hiyo, ili kila apendaye kucheza ajue pia kusimama. Pasipo waangalizi hao hakuna mashindano, hata kama waendeshaji wangekuwa hodari namna gani.

Katika kijiwe, mwangalizi huyo ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Nao hutafuta riziki kama wenzao. Kijana anayeendesha pikipiki ya tajiri anadaiwa hesabu kila jioni, abiria wapatikane wasipatikane. Saa anayoitumia kusuluhisha ugomvi au kupeleka rambirambi ni saa aliyopoteza abiria. Tena hulaumiwa: akitoza faini aitwa mkali, asipotoza aitwa mla rushwa.

Ninyi makatekista mwaijua hali hiyo. Mwafundisha watoto siku ambayo wenzenu wako mnadani, mwaongoza ibada kigangoni padre asipofika, na mara nyingi malipo yenu ni lawama. Tazameni basi jinsi Bwana alivyomchora Msamaria. Hakuguswa moyo tu kisha akaondoka. Alitoa mafuta na divai, alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake naye akatembea kwa miguu, alikesha naye, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi. Huruma yake ilikuwa na mpango, hesabu na ufuatiliaji. Huduma ya kujitolea isiyo na hesabu huishia katika aibu. Mweka hazina asomaye mapato na matumizi mbele ya wote anahubiri kwa njia yake.

3. Jina lililofutwa

Sasa tufike mahali pagumu. Chukueni mfano ambao waweza kutokea katika kijiwe chochote. Kijana hajatoa mchango kwa miezi mitatu. Masharti yasema wazi: miezi mitatu bila mchango, jina lifutwe. Katibu amelifuta. Wiki inayofuata kijana huyo agongwa usiku, avunjika paja. Wenzake wakutana. Mmoja asema, "Si mwenzetu tena." Mwingine asema, "Tufungue mfuko, tumtibu." Nani asema kweli?

Wengi wetu tungeharakisha kujibu kwamba mfuko ufunguliwe, sheria iwekwe kando. Lakini tutafakari. Fedha ya mfuko si ya mwenyekiti. Ni ya yule aliyejinyima kila wiki, na huenda kesho ni mjane wake atakayeihitaji. Kutenda wema kwa fedha ya mwingine bila idhini yake ni wema mwepesi mno. Msamaria hakuchukua dinari mbili kutoka sanduku la hekalu. Alizitoa katika mkoba wake mwenyewe.

Hapo ndipo jibu lilipo. Daftari lafunga mfuko, halifungi mikono. Hakuna sharti linalomkataza mwanachama kumwinua aliyeanguka, kumpeleka hospitali, kumpigia simu mama yake, kukesha naye, na kutoa shilingi elfu mbili ya mfukoni mwake. Anayesema, "Jina lake halimo," huku akiendelea kungoja abiria, huyo ni Mlawi aliyepita upande wa pili. Na anayepora mfuko wa wote ili aonekane mwema, huyo si Msamaria.

Kisha, majeruhi akiwa salama, wanachama wakae wauangalie upya utaratibu wao. Je, kijana yule aliacha kuchanga kwa uvivu, au kwa sababu tajiri alimnyang'anya pikipiki? Je, kabla ya kufuta jina, yupo aliyekwenda nyumbani kwake kuuliza? Sharti lipatiwe mlango: aliyekwama aeleze, apewe muda, alipe kidogo kidogo. Sheria iliyo karibu na moyo hurekebishwa katika kikao cha wote, wala haivunjwi gizani.

4. Nani abaki na majeruhi?

Upo umoja mwingine ambao hatuna budi kuutaja. Gari likimgonga mwenye pikipiki, mara wenzake hukusanyika kwa makumi, na pengine dereva hupigwa, gari huchomwa moto, hata kabla ya kujulikana kosa ni la nani. Huitwa mshikamano. Ndugu wapenzi, huo sio.

Msamaria hakuwafuata wanyang'anyi. Angeweza kuwa na hasira, na hasira yake ingekuwa ya haki. Lakini kama angewakimbilia wao, yule mtu angekufa mchangani. Twawauliza vijana wetu: mkienda nyote kumkamata dereva, nani abaki na mwenzenu anayetokwa damu? Umoja wa kweli hujulikana kwa wale wanaopiga magoti kando ya majeruhi. Namba ya gari iandikwe, polisi waitwe, haki idaiwe kwa njia zake. Tena mwenye majeraha ya shingo au mgongo asibanwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, kama wanavyotuonya waganga. Litafutwe gari, abebwe akiwa amelala, shingo ikiwa imeshikwa. Upendo usio na maarifa waweza kumvunja aliyekwisha kuvunjika.

5. Sisi abiria

Mwisho, tusidhani Injili ya leo yawahusu wenye pikipiki peke yao. Wapo waumini wanaowaita vijana hawa wahuni, kisha asubuhi ya Jumapili wamwambia mmoja wao, "Kimbiza, nimechelewa Misa." Wapo wakataao kofia kwa kuogopa kuharibu nywele. Wapo wanaotoka mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, wamekula nyama, wamekunywa, wakataka kupandana watatu ili wapunguze nauli ya shilingi mia tano. Kijana akikataa, wamtafuta mwingine mwenye njaa zaidi. Abiria wa namna hiyo ndiye anayeifuta sheria katika daftari la kijiwe, naye hajapata kuliona daftari hilo.

Mwalimu wa Torati aliuliza jirani yake ni nani. Bwana alimgeuzia swali, akamtaka aangalie ni nani aliyejifanya jirani. Basi katika juma hili tufanye mambo matatu. Kila abiria avae kofia na akatae mishikaki, hata kama amechelewa. Kila katekista atembelee kijiwe kimoja cha kigango chake, si kwa kukemea, bali kwa kusalimia, kujua majina, na kuuliza ni nani aliye mgonjwa. Maana Jumapili kwa vijana hawa ni siku ya kazi, nao wasipofika kanisani, Kanisa lifike kwao. Na kila mwenye cheo katika chama chochote, kiwe cha kijiwe, cha kwaya, au cha jumuiya ndogondogo, afungue daftari lake, atazame majina yaliyofutwa, achague moja, akabishe hodi nyumbani kwa mtu huyo.

Mtume Paulo atufundisha katika somo la pili kwamba vitu vyote vimeshikamana katika Kristo, na kwamba amani yetu ilipatikana kwa damu ya msalaba wake. Hakuna aliyeanguka barabarani ambaye jina lake halimo moyoni mwa huyo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeshuka kutuokota tulipokuwa tumelala kando ya njia, uwalinde vijana wetu wanaotafuta riziki barabarani. Uwape kupenda taratibu walizojiwekea, uwatie nguvu wanaozisimamia bila malipo, na utujalie sote macho ya kuona na miguu ya kusimama. Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina.