Kumtengenezea Bwana Njia kwa Pamoja

Hotuba ya Mchungaji kwa viongozi wa mitaa na jumuiya, katika maandalizi ya Majilio ya mwaka wa Yubilei



Mwaka huu usharika wetu unatimiza miaka 100. Tumepaka kanisa rangi, tumeweka mabati mapya, kwaya zimeshona sare, na kamati zimekutana mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Hayo yote ni mema, nami nawashukuru wote waliojitoa. Lakini Jumapili ijayo Kanisa linaanza mwaka wake mpya, na kitambaa cha zambarau kitatandikwa madhabahuni. Rangi hiyo ni ya mfalme anayekuja, na pia ni rangi ya toba. Kwa hiyo nimeona vema tuulizane, kabla ya wiki hizo kuanza, maandalizi ya Majilio ni nini hasa, nayo ni kazi ya nani.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Wazee waliotutafsiria ibada hawakuridhika kuuita msimu huu "Kuja". Waliuita Majilio. Kuja ni kufika tu. Kujilia ni kuja kwa ajili ya mtu fulani. Mgeni anaweza kuja kijijini pasipo kumjilia yeyote. Bwana wetu hakuja hivyo. Alitujilia. Ndani ya neno hilo moja imo Injili yote.

Mafundisho hayo ndiyo tuliyorithi katika Kanisa la Kilutheri. Dkt. Martin Luther, alipohubiri juu ya Yesu kuingia Yerusalemu, habari isomwayo Jumapili ya kwanza ya Majilio katika Mathayo 21, alikazia kwamba si mwanadamu anayeanza kumtafuta Mfalme, bali Mfalme ndiye anayemtafuta mwanadamu. Basi asiwepo miongoni mwetu anayedhani kwamba tunajiandaa ili Bwana akubali kuja. Tunajiandaa kwa sababu anakuja. Mwenye nyumba hafagii uwanja ili ampate mgeni. Anafagia kwa kuwa amekwisha kusikia kwamba mgeni yuko njiani.

Majilio yana Jumapili nne, na siku zake hazipungui 22 wala hazizidi 28. Ni muda mfupi. Tangu zamani Wakristo wa nchi za Magharibi waliutumia kwa kufunga na kuomba. Huko Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, Askofu Perpetuus wa Tours katika karne ya tano aliagiza watu wafunge siku tatu kila wiki, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hadi Krismasi. Angalieni kwamba agizo hilo halikutolewa kwa watawa peke yao, au kwa wacha Mungu wachache. Lilitolewa kwa Kanisa.

Hata lile taji la mishumaa minne linalowekwa katika makanisa mengi lina asili hiyohiyo. Mwaka 1833, katika mji wa Hamburg, Ujerumani, Johann Hinrich Wichern alianzisha nyumba ya kulea watoto maskini. Watoto wale walikuwa wakimwuliza kila siku Krismasi itafika lini. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la gari, akasimamisha juu yake mishumaa mikubwa myeupe kwa ajili ya Jumapili, na midogo myekundu kwa ajili ya siku za kati. Kila siku mshumaa mmoja uliwashwa, watoto wakisali na kuimba. Kwa hiyo taji hili halikuanzia katika jumba la tajiri kama pambo. Lilianzia katika nyumba ya watoto wasio na mtu, waliofundishwa kungoja pamoja.

Kungoja pamoja si jambo geni katika historia yetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Hawakujua kama watarudi, wala Wakristo wa mlimani hawakujua. Walimu wenyeji, ambao wengi wao hawakuwa na cheo chochote cha Kanisa, waliendelea kufundisha watoto, kukusanya watu kwa sala na kuzika wafu. Katika miaka ile ya kungoja ndipo usharika huu ulipoanza. Hatukuzaliwa wakati wa wingi. Tumezaliwa na watu waliongoja wakiwa na kazi mikononi.

Sasa nifike kwenye neno ninalotaka mliondoke nalo. Isaya 40 inatuagiza tumtengenezee Bwana njia. Mabonde yainuliwe na milima ishushwe. Sisi tunaoishi mlimani twaijua kazi hiyo. Mvua za vuli zikishuka, barabara zetu huchimbika na mawe kubaki nje. Hapo hakuna anayeweza kutengeneza kipande cha mbele ya lango lake peke yake akasema amemaliza. Gari litakwama kwa jirani, na aliyetengeneza hatafikiwa kama vile asiyetengeneza. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa na msaragambo: tarumbeta ilipopigwa, kila nyumba ilitoa mtu.

Katika Luka 3, Yohana Mbatizaji alipohubiri njia hiyo, makutano walimwuliza wafanye nini. Tazameni, waliuliza kwa wingi. Hakuna aliyesimama pembeni akauliza habari za nafsi yake tu. Na majibu ya Yohana hayakuwa ya mafumbo. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, nao watosheke na mshahara wao. Yote matatu yanahusu jirani. Njia ya Bwana hupita kati ya mtu na mtu.

Najua mtu ataniuliza habari za wanawali kumi wa Mathayo 25. Je, wale wenye busara hawakukataa kugawa mafuta yao? Ndiyo, walikataa. Imani haiazimwi, hakuna atakayesimama mbele ya Bwana kwa imani ya mke wake au ya mzee wa jumuiya yake. Lakini tusisahau kwamba wote kumi walisinzia, na kelele ya usiku wa manane iliwaamsha wote. Kuamshana ndiyo kazi ya usharika. Siwezi kuamini badala yako, lakini naweza kubisha mlangoni pako kabla ya usiku wa manane.

Wapendwa, tubishe milango ipi? Nitaitaja kwa uwazi, maana sisi ni watu wa nyumba moja.

Mlango wa kwanza ni wa ndugu wasiosemezana. Mwezi Desemba watoto wetu hurudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko. Migomba inapunguzwa majani, nyumba zinapakwa rangi, mbuzi anatafutwa. Na katika nyumba nyingi, siku hizohizo za furaha ndizo siku za kugombania kihamba. Wazee wetu walipanda masale mipakani ili kila mtu ajue mwisho wa shamba lake. Jani la masale hayohayo, likiwa limefungwa fundo, ndilo mkosaji alilompelekea aliyemkosea, akiomba msamaha. Na ilikuwa aibu kubwa kulikataa. Mmea mmoja uliweka mpaka, na huohuo ukaufungua. Ikiwa babu zetu, kabla ya kusikia Injili, walijua kwamba ugomvi lazima uwe na mwisho, sisi tuliobatizwa tutasema nini? Bwana ametuagiza katika Mathayo 5 tuiache sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza tukapatane na ndugu. Haifai ndugu wawili waje Meza ya Bwana siku ya Krismasi, mmoja kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa ubavuni, ili wasikutane.

Mlango wa pili ni wa wale wasiorudi. Kila Desemba tunahesabu magari yaliyopanda mlimani. Ni nani anayewahesabu wasiopanda? Wako vijana wetu mijini waliokosa kazi, au biashara zao zimeanguka, nao hawaji kwa sababu hawana nauli, na zaidi kwa sababu hawana zawadi ya kuonyesha. Mama yao huwaambia majirani kwamba wametingwa na kazi. Yule aliyezaliwa horini hakuja na kitu mkononi. Basi usharika wake usiwe mahali ambapo mtu huona haya kufika mikono mitupu.

Mlango wa tatu ni wa bahasha. Mwaka huu wa Yubilei michango imekuwa mingi. Nawaomba wazee wa Kanisa na wahazini walisikie vema jibu la Yohana kwa watoza ushuru. Sadaka ni tendo la shukrani; si ushuru wa mlangoni. Pasiwe na mjane hata mmoja anayebaki nyumbani siku ya Bwana kwa sababu jina lake limesomwa mbele ya watu kwamba hajamaliza ahadi. Na kila shilingi iliyopokelewa isomwe hesabu yake waziwazi. Huko nako ni kunyoosha palipopotoka.

Mlango wa nne ni wa waliotengwa. Wako walio chini ya nidhamu ya Kanisa, wengine kwa miaka, na hakuna aliyewatembelea tangu siku walipoandikwa. Nidhamu isiyotafuta kumrudisha mtu kundini imeacha kuwa nidhamu ya Kanisa. Mchungaji anaweza kuwarudisha kundini, lakini jumuiya ndiyo inayoweza kuwafikia.

Kwa hiyo nawapeni utaratibu, nao ni mwepesi kushika. Wiki ya kwanza, kila jumuiya isome Luka 3 katika mkutano wake, ijiulize: tufanye nini? Iandike majina, si kwa kuwasengenya watu, bali kwa kuwaombea. Wiki ya pili, wazee wawili wawili waende kwenye nyumba zenye ugomvi. Wasiende kuhukumu mipaka, kwani yapo mabaraza ya kazi hiyo. Waende kuomba ndugu wasalimiane na kusali pamoja. Wiki ya tatu, watakaotaka kurudi kundini waletwe kwangu, nasi tuwapokee kwa furaha. Wiki hiyohiyo vijana wawapigie simu wenzao wa mijini, na aliye na nafasi katika gari lake amchukue asiye na nauli. Wiki ya nne, tuwatembelee wagonjwa, wazee wasiotoka na wafungwa, tukiwapelekea Neno na chakula.

Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anatuonyesha mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho kwa uvumilivu. Mkulima huyo hakai kitako. Hana uwezo wa kuinyesha mvua, lakini shamba lake limekwisha kulimwa. Ndivyo tulivyo. Hatuwezi kumleta Bwana; neema ni yake, na saa ni yake. Lakini atakapokuja katika Neno lake na Sakramenti zake, na atakapokuja kwa utukufu siku ya mwisho, na atukute tukiwa barabarani na majembe yetu, kila nyumba imetoa mtu.

Waliotutangulia walitukabidhi usharika ulio hai pasipo kuwa na mabati mapya. Na tuwakabidhi wajukuu wetu mabati haya, pamoja na usharika ambao ndani yake watu husemezana.

Mungu wa amani awaandae ninyi nyote, roho na mwili, na nyumba zenu, kwa kuja kwake Bwana wetu Yesu Kristo. Amina.