Orodha ya Pamoja na Nyota Zinazolipuka



Hoja yangu jioni hii ni moja: katika kuchunguza nyota zinazolipuka ghafla, orodha ya uangalizi inayotumiwa na watazamaji wengi ni chombo cha utafiti kama ilivyo darubini. Nyota hizi huwa jozi. Kibeti cheupe, yaani kiini kilichosalia cha nyota iliyozeeka, hunyonya gesi ya nyota mwenza. Gesi hiyo hujikusanya kwanza katika sahani inayozunguka. Sahani ikishapata joto la kutosha, gesi humiminika kwa kasi na jozi nzima hung'aa. SS Cygni, iliyogunduliwa na Louisa Wells wa Harvard mwaka 1896, hupanda kutoka daraja la 12 la mng'aro hadi la 8, yaani mng'aro huongezeka takriban mara 40, kila baada ya wiki saba au nane hivi. Usiku wenyewe haujulikani mapema.

Ushahidi mzito wa hoja hii ulitolewa mwaka 2013. Vipimo vya darubini ya Hubble vilikuwa vimeiweka SS Cygni umbali wa miaka-nuru 520 hivi. Kama ingekuwa mbali kiasi hicho, gesi yake ingetiririka kwa wingi hata sahani ibaki na joto daima, na milipuko isingetokea. Timu ya mwanaastronomia James Miller-Jones iliamua kupima upya kwa darubini za redio, lakini nyota hiyo hutoa mawimbi ya redio ya kutosha inapolipuka tu. Watazamaji wa AAVSO, jumuiya iliyoanzishwa Marekani mwaka 1911, waliikeshea. Ilipoanza kupanda walitoa taarifa, na darubini za redio zikaelekezwa huko. Umbali ukapatikana kuwa miaka-nuru 370 hivi, na nadharia ya sahani inayopata joto ikasimama.

Wapo watakaosema kwamba kamera zinazojiendesha, kama za mradi wa ASAS-SN wenye kituo Sutherland, Afrika Kusini, zimemaliza kazi hiyo. Zimeongeza ugunduzi mno, na tuzishukuru. Hata hivyo, nazo huzibwa na mawingu, na nyota inayong'aa sana huzidi uwezo wa kamera za darubini kubwa. Wengine watadai kwamba orodha huwavuta watu wote kwenye nyota mashuhuri. Orodha ikiwa ya pamoja, huonyesha pia nyota iliyosahauliwa. WZ Sagittae ililipuka mwaka 1913, 1946 na 1978. Kwa hesabu hiyo ingengojwa hadi karibu 2011. Ikalipuka Julai 2001, na aliyeiwahi ni mtazamaji wa Japani. Ndiyo maana taarifa ya "haijaonekana, ni hafifu kuliko daraja la 14", ikiwa na saa na tarehe, ina thamani kamili: bila hiyo hatujui mlipuko ulianza lini.

Afrika Mashariki iko karibu na ikweta, hivyo huona nyota za kaskazini na za kusini, na usiku wetu huingia wakati Amerika ina jua. Wanafunzi, chagueni nyota chache kutoka orodha ya pamoja, zitazameni kila anga inapokuwa safi, na tumeni kila mlichokiona, hata kama nyota haikuonekana.