Kontra ya fundi haitoshi, tupate kwanza permi

Maneno ya ajenti wetu wa tereni mbele ya mkutano wa wanachama, Lubumbashi



Mutu aliyerudi kutoka Zambia, kisha miaka ya kambi kule Meheba ao Mantapala, kitu cha kwanza anatafuta ni nyumba yake mwenyewe. Anapata kiwanja kidogo upande wa Ruashi ao Annexe, anakusanya matofali, anaita fundi. Anasema: "Nijenge kwanza, karatasi itakuja nyuma." Leo tuongee juu ya ile "nyuma", sababu ni pale makuta ya batu inapotelea.

Kiwanja kina karatasi yake, na kujenga kuna yake. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Leta. Mutu anapewa haki ya kuutumia, na haki ile inaonyeshwa na setifika ya kuandikishwa. Karatasi mliyosaini mbele ya shefu wa kartie inaonyesha tu kama mliuziana, hapana setifika. Na hata mwenye setifika lazima aombe ruhusa kabla ya kuchimba fondasio. Tangu azimio la waziri la tarehe 26 Juni 2013, ruhusa ile ni permi ya kujenga.

Sasa kontra. Sheria ya mapatano ya mwaka 1888 ingali inafanya kazi. Inasema mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale waliopatana. Mkipatana bei moja ya nyumba nzima kufuata plan, fundi hawezi kurudia na kusema simenti imepanda, ongeza. Ila kama ulikubali mabadiliko kwa maandishi. Na nyumba ikianguka juu ya kazi mbaya, mjenzi anaulizwa. Ile ni ngao kubwa.

Lakini bila permi, ngao ile inakuwa nyepesi. Tuchukue mfano. Mama amelipa nusu ya makuta, ukuta umefika kwenye linto. Watu wa urbanisme wanafika, wanasimamisha kazi. Wanauliza nani? Mwenye kiwanja. Fundi anasema: "Mama, mimi nilifanya kazi uliyoniomba," anabeba vyombo vyake, anaenda. Mvua inaanza kunyesha juu ya ukuta bila paa. Na kama nyumba iko kwenye njia ya barabara, kwenye mtaro ao chini ya nyaya za umeme, inaweza kubomolewa. Kumfuata fundi kwa tribinali, kwa kazi ambayo Leta haikuruhusu, ni safari ndefu sana.

Basi, katika kila kontra tuandike mambo manne:

1. Nani anaomba permi, na nani analipa.
2. Avansi ya kazi isitoke mbele permi haijafika mkononi.
3. Makuta yatoke kwa hatua: fondasio, ukuta, paa. Kila hatua ipimwe, na risiti isainiwe.
4. Inajengwa ile plan iliyopata permi. Kubadilisha kitu ni kwa maandishi tu.

Kontra nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa. Asiyekisoma asione haya: alete kwetu, asomewe kwa Kiswahili mbele ya kusaini. Kuuliza si ujinga.

Kwa wafadhili, ombi moja. Bajeti zetu zinahesabu simenti, mabati na fundi. Tunaomba mstari mwingine kwa plan, upimaji wa kiwanja na malipo ya permi. Ni heri nyumba 9 zenye karatasi kuliko nyumba 10 ambazo wenyewe wanalala na woga.

Na wale walikwisha kujenga bila permi, wasijifiche. Mlete karatasi zote mlizo nazo, hata ile ya shefu wa kartie, tutengeneze dosiye na twende pamoja kwa urbanisme kuuliza njia ya kujipanga. Kuanza kusema mapema ni rahisi kuliko kuanza siku mashini imesimama kwenye mlango.

Anayetaka kujenga kiangazi hiki, apite kwa biro yetu kwanza, kisha aite fundi.