Nakala za Akiba: Tusingoje Faili Ipotee
(Hotuba kwa makarani wa tawi, Bukura)



Zamani daftari la michango lilifungiwa kabatini. Siku hizi michango na miaka ya kazi ya kila mwanachama imo katika kompyuta. Mtu akistaafu, na mwajiri akabisha miaka yake, kumbukumbu hizo ndizo shahidi wetu.

Tunaambiwa kompyuta hujitolea nakala yenyewe kila saa nane ya usiku. Ndiyo, kama inawaka! Sisi huizima saa kumi na moja jioni. Pengine diski ya nje imejaa, au imechomolewa mtu achaji simu, na programu haisemi neno. Basi tazameni tarehe ya nakala ya mwisho, na ukubwa wake pia. Faili tupu nayo ina tarehe.

Hata wakubwa yamewapata. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta data yake kwa bahati mbaya, na katika njia zake tano za akiba hakuna iliyofaa. Iliokolewa na nakala ambayo mfanyakazi aliitoa kwa mkono muda wa saa sita kabla.

Kila mwisho wa mwezi rudisheni faili moja, lakini katika folda nyingine, isije ikafunika ile nzima. Ifungueni, mlinganishe jumla ya michango. Kisha diski ichomolewe ikalale jengo jingine, maana radi za Kakamega mnazijua. Naomba tawi lichague leo karani wa kazi hiyo, naye atoe taarifa kwa kamati.